Mshipi wa Murjan na Ndege ya Bwana Kipepeo

Mabrouka binti Rehan hakuwa mtu wa kuamini kitu kinachopita juu ya kichwa chake. Watu wengine wa Laini Saba, pale Kibra, walikuwa wamekwisha kuzizoea ndege. Zikinguruma, watoto hukimbilia uani wakirukaruka, na wazee huinua macho mara moja wakarudi kwenye kahawa yao. Yeye hapana. Kila iliposikika moja alitoka mlangoni, unga ungali mikononi, akaisindikiza kwa macho mpaka itue au ipotee, kisha akahesabu watoto wa ua mzima kama kuku aliyemwona mwewe.

"Utavunjika shingo, Mabrouka," kaka yake Osman alikuwa akimwambia.

"Heri ivunjike nikiangalia kuliko ivunjike sijui imevunjwa na nini."

Osman alikuwa mtu mzima, shaush, yaani sajini, mstaafu wa jeshi la King's Afrika Raifo, mwenye mvi zilizonyolewa vizuri na goti lililobaki na chuma cha Mjerumani. Aliwahi kuamuru watu thelathini porini. Lakini tangu avue sare, mzungu mwenye karatasi mkononi alimtia hofu kuliko bunduki. Hilo Mabrouka alilijua, na hakuwahi kumcheka, maana hofu hiyo ilikuwa ya Kibra nzima. Ardhi ile walipewa wazee wao kwa kutumikia jeshi, kwa maneno na kwa pasi, kijikaratasi cha ruhusa ya kukaa, na kila mwaka ulikuwa na uvumi wake kwamba safari hii watahamishwa kweli.

Uwanja wa ndege ulikuwa umelimwa upande wa mashariki, ukaja kukoma karibu kabisa na nyumba za mwisho. Nyumba ya mwisho kuliko zote ilikuwa ya Mabrouka. Mumewe, Murjan, ndiye aliyeijenga aliporudi kutoka vitani na kifua kibovu. Alichagua ukingoni makusudi, akisema amechoka na watu, anataka jirani mmoja awe nyasi. Hakuishi sana na jirani yake huyo. Kifua kilimchukua msimu wa mvua kubwa, akamwachia mkewe mabinti wawili, Zeinabu na Fatna, paa la madebe yaliyopasuliwa, na mshipi wake wa gwaride.

Mshipi wenyewe ulikuwa kitambaa chekundu, kirefu, cha kujizungushia kiunoni mara tatu nne. Jua na sabuni vilikuwa vimekwisha kuupausha hadi rangi ya tofali. Mabrouka aliuhifadhi sandukuni na majani ya mwarobaini, na hakumruhusu mtu kuugusa, kwa sababu ulikuwa na kazi yake.

Kwa watu wa Murjan, baba akifa kabla ya kumwoza binti yake, haachwi nje ya harusi. Kitambaa chake cha kiunoni hutundikwa juu ya mlingoti uani, na mkia wake huvutwa kwa uzi mpaka kwenye kizingiti cha mlango atakaotokea bibi harusi. Mama mkwe wake Mabrouka alimfundisha jambo hilo akimshika mkono. "Ukiuacha mkia upepee ovyo, umemwambia aende zake na upepo," alimwambia. "Ukiufunga, umemwambia aingie ndani, harusi ni yake."

Basi siku ya harusi ya Zeinabu, Mabrouka aliutoa mshipi sandukuni. Zeinabu alikuwa anaolewa na kijana Fadlalla, fundi wa baiskeli wa kule Makina. Tangu alfajiri ua ulijaa. Wanawake wamevaa gurbaba zao za rangi zote, ngoma ya doluka inapigwa, bakhuri inafuka, na gurusa, zile chapati nyembamba, zinapinduliwa kaangoni moja baada ya nyingine kama kurasa za msahafu. Upepo siku hiyo ulitoka mashariki, wa nguvu. Mabrouka aliujua kwa sababu moshi wa mafiga uliwaandama wapishi waliokaa upande wa magharibi mpaka wakatukana. Na mlango wa nyumba ulikuwa huko huko upepo unakotoka. Mshipi ulitaka kukimbilia magharibi, yeye akauvuta mashariki. Uzi ulikaza mpaka ukaimba. Alifunga, akafunga tena juu ya fundo la kwanza, akapiga bismillahi.

"Anabisha," alisema Nduta, akicheka.

Nduta alikuwa rafiki yake, mwanamke wa Kawangware aliyemletea viazi vitamu na nduma tangu mabinti wakiwa wadogo. Siku hiyo alikuja na kikapu kimejaa, hataki malipo, na kitambaa kipya kichwani.

"Hata alipokuwa hai alikuwa anabisha," Mabrouka alijibu. "Lakini mwishowe alikuwa anaingia ndani."

Ndege ilitokea jua likiwa limeegemea magharibi. Ilikuwa ya manjano, ndogo, ya watu wawili, na Kibra yote ilimjua mwenyewe: kijana wa kizungu mwenye shamba la kahawa upande wa juu, ambaye hakuwahi kuonekana akiruka moja kwa moja kama wenzake. Alipinda huku, akapinda kule, akainamisha bawa. Walimwita Bwana Kipepeo. Alipoiona ngoma alishuka. Alizunguka juu ya ua mara ya kwanza, mbuzi wakakata kamba. Akazunguka mara ya pili, chini zaidi, mpaka wakaona miwani yake ya ngozi na memsahib aliyekaa nyuma yake, shingoni amefunga skafu. Bwana Kipepeo akawapungia mkono. Memsahib akapunga skafu. Wapiga doluka wakapunga vijiti vyao, na wasichana wakapiga vigelegele kana kwamba yeye ndiye bwana harusi.

Mabrouka hakupunga. Alikuwa anahesabu watoto.

Ndege ikaenda mbali, ikageuka, ikarudi kuelekea uwanjani, na shingo yake Mabrouka ikageuka nayo. Aliiona ikigusa nyasi. Aliiona inakimbia. Ndege nyingine alizozitazama kwa miaka ile hukimbia kidogo kisha hupoa. Hii haikupoa. Ilikuja na upepo mgongoni kama fahali aliyekata kamba, ikamaliza uwanja, ikararua ua wa waya, ikaruka mtaro, na ikapinduka miguu juu katikati ya mahindi ya Mabrouka, nyuma kidogo ya choo.

Doluka ikanyamaza. Kitu pekee kilichosikika kilikuwa gurudumu moja linalozunguka peke yake hewani.

Wanaume wakakimbia na kanzu zao za harusi. Osman, na goti lake bovu, ndiye aliyefika wa kwanza, akamkata mzungu mkanda kwa kisu, akamvuta kwapani. Mguu wa Bwana Kipepeo ulikuwa umekwenda upande usio wake. Memsahib alivunjika mkono, na alikuwa anatetemeka mpaka meno yakagongana. Mabrouka alivua shali yake mpya ya mama wa bibi harusi, akamfunika nayo, akamnywesha chai ya tangawizi, na alipokosa la kumwambia akamwambia, "Pole mwanangu, umekwisha fika chini, huwezi kuanguka tena." Gari la wagonjwa lilipoondoka, waliokuja nalo walikuwa wamekwisha kula sinia zima la gurusa.

Zeinabu alitoka mlangoni kwake jua likizama, chini ya mshipi wa baba yake. Watu walisema ni harusi ambayo haitasahaulika, na Mabrouka akasema alhamdulillahi, hakuna aliyekufa. Akadhani yamekwisha.

Habari aliletewa na Nduta. Mume wake Nduta, Gachanja, alikuwa anakata nyasi uwanjani, na mkata nyasi husikia mengi maana hakuna anayemwona. Nduta alitua kikapu, hakukaa.

"Mama Zeinabu, yule kipepeo wenu amesema ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umemwangusha."

Mabrouka alicheka kwanza. Nduta hakucheka. Akaeleza. Ndege hutua ikiukabili upepo. Uwanjani kuna mfuko mrefu wa kitambaa juu ya nguzo, nao humwonyesha rubani upepo unakokwenda. Mfuko huo nao ni mwekundu, nao umepauka. Bwana Kipepeo alitua na upepo mgongoni, ndiyo maana hakusimama, na sasa wazungu wenzake wanataka kumnyang'anya ruhusa ya kurusha ndege. Naye amesema kosa si lake. Amesema wenyeji wa Kibra walisimamisha alama ya uongo, inayoelekea mashariki wakati upepo unaelekea magharibi, na yeye akaifuata.

"Gachanja anasema mfuko wao ulikuwa juu siku hiyo?" Mabrouka aliuliza.

"Ulikuwa juu, umejaa kama tumbo la mwenye mimba. Lakini nani atamuuliza Gachanja?"

Kabla ya adhuhuri walikuja askari wawili na karani, wakauchukua mshipi. Karani alisema ni ushahidi. Akasema pia kwamba kutakuwa na uchunguzi, na ikionekana kweli alama ile ndiyo iliyoangusha ndege, nyumba za ukingoni zitaondolewa, kuanzia ya kwanza. Alisema "ya kwanza" huku anautazama mlango wa Mabrouka.

Kuanzia siku hiyo Mabrouka akawa mtu wa mabunda. Asubuhi alifunga vyombo, godoro, sanduku, kinu na kaango, akavipanga mlangoni asije akakutwa hayuko tayari. Jioni alifungua bunda la vyombo ili apike. Fatna, binti yake mdogo, alichoka kuzungushwa.

"Mama, tunahama au hatuhami? Nijue kama nifue mapazia."

"Fua. Kisha uyafunge."

Majirani walikuja mmoja mmoja. Hawakusema vibaya. Walisema tu, kwani ilikuwa lazima mlingoti uwe mrefu vile? Kwani usingetundika mshipi ukutani? Nyumba zao zilifuata ya kwake, moja, mbili, tatu, na Mabrouka aliwaelewa. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba aliwaelewa. Tena kulikuwa na neno moja lililomla ndani ambalo hakumwambia mtu. Mshipi ulikuwa umefungwa. Aliufunga mwenyewe, kinyume cha upepo, mafundo mawili. Vipi kama kijana yule kweli aliutazama?

Osman alikuja siku moja kabla ya uchunguzi, amevaa medali zake, jambo ambalo hulifanya akiwa na mpango.

"Nimepata njia," alisema. "Watakuuliza kama kitambaa kilikuwa kinapepea. Sema ndiyo. Sema kilikuwa huru kabisa."

"Hakikuwa huru."

"Sikiliza. Upepo ni mmoja. Kama kilikuwa huru, basi kilielekea sawasawa na mfuko wao. Basi kingemwonyesha ukweli. Basi hana la kusema. Umeona? Neno moja tu, na nyumba imepona."

Mabrouka aliona. Lilikuwa neno zuri, dogo, na lingetosha. Waliokuwapo harusini wote wangelitia nguvu. Alikaa na neno hilo akilizungusha mdomoni kama kokwa ya tende.

"Kaka, mshipi ulikuwa uani kufanya nini?"

"Unajua ulikuwa unafanya nini."

"Nataka uniambie wewe."

Osman akatazama chini. "Kumwingiza Murjan ndani."

"Na ukipepea huru?"

Osman akaanza kuchezea medali kifuani.

"Ukipepea huru, Murjan hakuingia," Mabrouka alisema. "Niende mbele ya msahafu niape kwamba baba yake Zeinabu hakuwapo kwenye harusi ya mwanawe? Kwa sababu kijana mmoja hawezi kutazama mbele?"

"Niape mimi, basi."

"Wewe ulibeba jeneza lake."

Osman alivua medali moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni. "Watatuvunjia nyumba kwa ajili ya uzi," alisema.

"Na wavunje. Lakini hawatanipa maneno ya kusema."

Alipoondoka, Mabrouka alikwenda kwenye mabunda, akayafungua yote. Kinu akakirudisha mahali pake. Kaango likamponyoka, Fatna akatoka mbio akidhani ndege nyingine imeanguka.

Uchunguzi ulifanyika katika chumba kirefu cha uwanja wa ndege, chenye harufu ya petroli na nta ya sakafu. Mbele alikaa mzungu wa serikali mwenye masharubu meupe. Pembeni alikaa Bwana Kipepeo, mguu umefungwa plasta na kunyooshwa juu ya stuli, na memsahib wake, mkono umening'inizwa shingoni. Mezani, katikati ya karatasi, ulilala mshipi wa Murjan. Mtu alikuwa ameukunja vibaya. Mabrouka hakuona kitu kingine kwa muda.

Mfasiri alikuwa Naftaly, kijana wa misheni wa kule Kawangware, baba yake ana mashamba, na yeye ana kola ngumu kuliko ya mzungu.

"Bwana anauliza, hiki ni kitambaa chako, mama?"

"Ni cha mume wangu."

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko makaburini, hapo Kibra. Mwambie alikohoa damu ya vita vyao mpaka akafika huko."

Naftaly akasema maneno mawili matatu ya Kizungu.

"Mbona yamekuwa machache?" Mabrouka akamuuliza. "Usinipunguzie, mwanangu. Nimetembea na maneno yangu yote tangu nyumbani."

Naftaly akajikohoza, akaongeza mengine. Mzungu wa masharubu akainua macho, akamtazama Mabrouka kwa mara ya kwanza.

"Bwana anauliza: siku ile, kitambaa kilikuwa kinapepea na upepo?"

Nyuma yake Mabrouka alimsikia Osman akivuta pumzi. Mkono wake mwenyewe ulikuwa juu ya msahafu, na jasho lake lilikuwa linalowesha jalada.

"Hapana," alisema. "Kilikuwa kimefungwa."

Bwana Kipepeo, ambaye Kiswahili alikijua cha kutosha kugombeza watu shambani, alipiga paja la mguu wake mzima. "Si nilisema! Si nilisema!"

Mzungu wa serikali aliinua mkono kumnyamazisha, akataka aonyeshwe kilivyofungwa. Mabrouka akausogelea mshipi, akaukunjua. "Kaka, njoo. Wewe ni mlingoti." Osman akaja akichechemea, akashika ncha moja, akainua juu. Mabrouka akavuta mkia mpaka kwenye kitasa cha mlango wa chumba kile, akaufunga, mafundo mawili, kama vile vile. Kitambaa kikanyooka juu ya vichwa vya watu. Akaeleza. Alieleza habari ya baba aliyekufa na binti anayeolewa, na mlango, na mkia, na kwa nini hauachwi. Naftaly alitafsiri polepole, na safari hii hakupunguza.

Masharubu akasema jambo refu.

"Anauliza, mama, kwa hiyo unakubali kwamba rubani angeweza kudanganyika?"

Hapo ndipo hofu ilipomtoka. Hakujua ilikokwenda. Labda ilimwacha kwa sababu alikuwa amekwisha kusema lile alilokuwa analiogopa, na paa lilikuwa bado juu.

"Adanganywe na nani?" alisema. "Mimi sikuwa nasema naye. Nilikuwa nasema na mume wangu. Mtu akitega sikio dirishani kwa watu, akasikia mke na mume wanazungumza, akafuata yasiyomhusu, akaenda akavunjika mguu, kosa ni la nani? La waliokuwa ndani?"

Naftaly alianza kutafsiri, akacheka, akakumbuka kola yake, akaendelea.

"Na mimi nina swali. Muulize huyu bwana, kwa nini alitupungia mkono?"

Naftaly akatafsiri, Mabrouka akaendelea.

"Alizunguka juu ya ua wangu mara mbili. Chini, mpaka mbuzi wakakata kamba. Akatupungia mkono, na huyu binti akatupungia skafu. Watu hupungia watu. Hakuna anayepungia mkono uwanja wa ndege. Alijua pale ni nyumbani, alijua ni harusi, aliona ngoma. Alipokwenda kugeuka kule mbali, ndipo nyumba yangu ikawa uwanja?"

Bwana Kipepeo akaanza kusema Kizungu kwa haraka, uso umemwiva. Masharubu hakumtazama. Alimgeukia memsahib, akamuuliza neno. Memsahib akamtazama Mabrouka, kisha akajibu kwa sauti ndogo, na Naftaly, bila kuambiwa na mtu, akatafsiri.

"Anasema ndiyo, walipunga. Anasema ilikuwa ngoma nzuri. Anasema bwana alikuwa bado amegeuza shingo kuitazama hata walipokuwa wanashuka, na yeye alimgonga bega."

Wazungu wakaanza kusemezana wote kwa pamoja. Mabrouka hakungoja. Alikwenda mlangoni, akafungua mafundo yake, akaukunja mshipi kama askari wanavyoukunja, akautia kwapani.

"Mama, hicho ni ushahidi," Naftaly alimnong'oneza.

"Kimekwisha kushuhudia. Na uwaambie nyumba yangu haikuruka kwenda kwao. Ndege yao ndiyo iliyokuja kwangu, ikalala kwenye mahindi yangu, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza habari ya mahindi."

Akatoka. Alifika nje, penye nyasi za Gachanja. Alikaa chini hapo hapo. Osman akaja akasimama juu yake.

"Umetumaliza," alisema. Kisha akasema, "Wallahi, hata mimi nilikuwa nimesahau kama alipunga."

Walingoja mpaka mahindi yaliyosalia yakavunwa. Mabrouka aliendelea kutoka mlangoni kila ndege iliponguruma, na kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, lakini mabunda hakuyafunga tena. Siku uamuzi ulipokuja, Naftaly aliusomea watu mbele ya nyumba ya mkuu wa kijiji. Alama ya uwanja ilikuwa wazi na ilikuwa sahihi. Rubani hakuitazama. Kosa ni la rubani. Kwa sasa nyumba za ukingoni zitabaki. Watu wakaanza kushikana mikono, Naftaly akasema bado, kuna mstari mmoja. Kuanzia siku hiyo ni marufuku kusimamisha mlingoti, nguzo au mti wowote wenye kitambaa katika nyumba zinazopakana na uwanja wa ndege.

"Kosa ni la rubani," Nduta alisema, "na adhabu ni ya mlingoti."

Wengi walicheka. Mabrouka alimtazama Fatna.

Fatna alichumbiwa mwaka uliofuata. Osman alimsihi dada yake atundike mshipi ukutani, ndani, palipo salama. Mabrouka alisema, sawa kaka, nimesikia, na kila aliyemjua alijua kwamba hajasikia. Siku ya harusi mlingoti ulikuwa umelala chini kando ya ukuta, mahali ambapo mtu yeyote angeuona umelala. Mabrouka alikipindua kinu katikati ya ua, akapanda juu yake, akainua mkono, na mkononi mlikuwa na ncha ya mshipi. Mkia Fatna mwenyewe aliuvuta kwa uzi mpaka kwenye kizingiti. Fundo la kwanza. Fundo la pili. Upepo ulikuwa wa mashariki tena, na mshipi ukabisha.

Doluka ikaanza. Mkono wa Mabrouka ulipochoka, akapanda Zeinabu, tumbo limemtangulia, wakamshusha upesi akapanda jirani wa nyumba ya pili, yule yule aliyeuliza kama mlingoti ulikuwa lazima uwe mrefu vile. Kisha akapanda Nduta. Walimwambia si desturi yenu, akasema mkono ni mkono.

Nduta akiwa juu ya kinu ndipo walipofika Naftaly na askari wa uwanja. Ngoma haikunyamaza. Askari alinyoosha kidole.

"Mama," Naftaly alisema, "uliisikia amri. Mimi ndiye niliyekusomea."

"Nimeisikia yote. Ulisoma vizuri sana. Mlingoti ule pale, umelala."

"Na hiki?"

"Hicho ni mkono wa Nduta. Amri yako ina mkono ndani yake?"

Naftaly alisogea karibu. Alitazama kinu, akatazama mlingoti uliolala, akatazama uzi uliokaza mpaka kizingitini. Ungeweza kumwona anaisoma karatasi kichwani mwake, mstari kwa mstari, akitafuta neno.

"Haina," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayemeza kicheko. Akamgeukia askari. "Haina mkono."

"Basi karibuni gurusa," Mabrouka alisema. "Na mkienda kuiandika upya, andikeni na mikono yetu. Tutatafuta kingine cha kuinua."

Wakati huo huo ilisikika ndege. Watoto walikimbilia katikati ya ua. Mabrouka alitoka kwenye kivuli, akainua uso, akaanza kuhesabu, na alipokuwa anahesabu alimwona Osman anasogea kwenye kinu. Alikuwa amevaa medali zake zote. Nduta akashuka. Osman akapanda kwa shida, goti bovu likitangulia, akapokea ncha ya mshipi, akaunyoosha mkono wake juu kabisa, kisigino kwa kisigino, kifua mbele, kama siku za gwaride.

Ndege ikapita juu, chini kiasi cha kuonekana miwani ya aliyeirusha. Hakuna aliyepunga. Osman hakutikisika. Fatna akatoka mlangoni, akainama kidogo kupita chini ya mkia wa mshipi, na uzi ulikuwa bado umekaza.